Kweli au Si Kweli: Mabinti, Lotoko na Siri za Nyumbani Kusini mwa Maniema

Kasongo haukosi wasemaji. Kiswahili kiliingia huku na misafara ya pembe za ndovu, mfanyabiashara Tippu Tip akaufanya mji huu makao yake, na hata majeshi ya Mbelgiji Dhanis yalipouteka mwaka 1893 lugha haikuondoka. Ndiyo ya sokoni, ya msikitini, ya misa na ya matanga, kutoka Kasongo mpaka Kabambare na Salamabila. Kwa lugha hiyo hiyo hukumu hutolewa haraka juu ya msichana anayeonekana akiyumba barabarani saa nne za asubuhi: huyo ni mlevi, huyo ni wa machimbo, huyo amemshinda mama yake. Ubaya wa hukumu za barazani ni kwamba zikirudiwa sana watu huzishika kama ushahidi. Hapa zimechukuliwa zile zinazosikika zaidi na kupimwa kwa yanayojulikana: sheria za nchi, takwimu za serikali, tafiti za madaktari. Nyingi zimeanguka chini. Chache zina ukweli ndani yake, na hizo ndizo zinazodhuru zaidi.

"Pombe ndiyo iliyomharibu."

Si kweli. Hadithi imeanziwa mwishoni. Mara nyingi chupa inakuja nyuma ya jambo jingine: baba wa kambo aliyekuwa akiingia chumbani usiku, ndoa akiwa wa miaka kumi na tano ambayo hakuulizwa, kipigo cha kila jioni, njia ya shambani alikokutana na wenye silaha. Daktari Vincent Felitti na wenzake huko Marekani walichapisha mwaka 1998 utafiti uliowauliza watu wazima zaidi ya 9,000 mambo yaliyowapata utotoni. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso, kama vile kupigwa, kuingiliwa, kumwona mama akipigwa, au kulelewa na mlevi, hatari yao ya kuwa walevi, kutumia dawa za kulevya, kuzama katika huzuni nzito na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 ya wale ambao hawakupatwa na lolote. Tena hao walikuwa watu wa California wenye bima ya afya. Hawakuwahi kulala porini na godoro kichwani kwa sababu kijiji kimevamiwa. Sioni kwa nini hesabu hiyo ipungue ikiletwa Kabambare.

Kuna kazi ambayo pombe humfanyia binti na hana mwingine wa kumfanyia: inampa usingizi. Aliyetendwa vibaya anarudiwa na tukio kila akifumba macho, anashtuka mlango ukigongwa, moyo unamwenda mbio akisikia harufu ya jasho la mwanamume. Kikombe kimoja cha lotoko, pombe kali ya kienyeji, kinazima hayo kwa saa chache. Kumwambia "acha" bila kuuliza atalalaje usiku wa leo ni kumnyang'anya kiwete mkongojo wake na kumwambia atembee.

Baadaye, ndiyo, pombe yenyewe inakuwa ugonjwa. Mwili uliozoea unadai, kikombe kimoja hakitoshi, fedha ya chumvi inakwenda huko. Kwa hiyo pombe nayo ilimharibu, ila ilikuja ya pili. Anayeishughulikia hiyo ya pili peke yake atashangaa kwa nini binti anarudi kwenye chupa kila mwezi.

"Wanaobaka ni watu wa msituni."

Nusu kweli. Salamabila, mji uliokua kwa dhahabu ya Namoya katika teritwari ya Kabambare, umewaona wote: kampuni ya Banro ya Kanada na mitambo yake, wachimbaji wa mikono waliodai mashimo yao, wanamgambo wa Mai-Mai Malaika waliosema wanapigania haki za wenyeji dhidi ya kampuni, na jeshi la serikali. Banro ilisimamisha kazi Namoya mwaka 2019 kwa sababu ya usalama. Kati ya pande hizo zote, wanawake waliendelea kwenda shambani, mtoni na sokoni kwa miguu. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wakitoa matibabu Salamabila, walieleza kwamba mwaka 2020 wao na wizara ya afya waliwahudumia karibu watu 11,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika majimbo kadhaa ya Congo, Maniema ikiwa mojawapo. Hakuna wa kubisha juu ya msitu.

Lakini fungueni takwimu za serikali yenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013 na 2014 uliwauliza wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kati ya kila 100, 52 walisema wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15, na 27 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Aliyetajwa zaidi hakuwa Mai-Mai wala askari. Alikuwa mume au mwenzi wa nyumbani.

Mtu wa msituni anaufaa ukoo kwa namna moja: hana jina. Anaweza kulaaniwa kwa sauti mbele ya kanisa zima bila undugu kuvunjika, bila mtu kukosa pa kukaa kwenye matanga yajayo. Baba mdogo ana jina, ana mashamba, ana wake na wakwe. Binti aliyeumizwa na baba mdogo anasikia jinsi watu wanavyoulaani msitu, anahesabu ni nani atamwamini, ananyamaza. Hapo ndipo nusu ya ukweli inapofanya kazi ya uongo mzima.

"Mambo ya familia yanaishia katika familia."

Si kweli, na hili nitalikalia, kwa sababu mengine yote yanapitia hapa.

Kikao kinajulikana. Mikeka inatandikwa, wazee wa pande mbili wanafika, pengine na chifu wa kijiji, pengine na polisi mmoja aliyekuja kama jirani. Upande wa kijana unaleta mbuzi, kitenge, noti kadhaa. Ikiwa binti ameshika mimba, hesabu inabadilishwa jina, inaitwa mahari. Mwenyewe yuko nyuma ya nyumba na wanawake. Anaitwa mwishoni aambiwe kilichoamuliwa. Watu wanapeana mikono, wali na sombe vinaletwa, na aliyembaka anaondoka jioni akiwa mkwe.

Sheria ya Congo inasema vingine, tena tangu zamani. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inampa mbakaji kifungo cha miaka 5 hadi 20, na aliye chini ya miaka 18 ridhaa yake haihesabiki. Sheria ya pili ya siku hiyo hiyo, namba 06/019, inataka uchunguzi wa mwanzo umalizike ndani ya mwezi 1 na korti iamue ndani ya miezi 3. Inasema pia kwamba ile faini ya kumalizana mbele ya polisi haitumiki kwa makosa ya namna hii. Mzazi au mlezi anayemlazimisha binti kuolewa anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 12, na kima cha chini kinaongezwa mara mbili binti akiwa hajafika miaka 18. Wanaosema "zamani msichana wa miaka kumi na tano aliolewa na sheria ikakubali" hawasemi uongo: ndivyo ilivyokuwa katika sheria ya familia ya mwaka 1987. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 iliifuta ruhusa hiyo, na marekebisho ya sheria ya familia ya Julai 2016 yakaweka miaka 18 kwa mvulana na kwa msichana.

Najua jibu la wazee: sheria iko Kinshasa, mbuzi yuko hapa. Jibu hilo lina uzito. Korti iko mbali, nauli ya pikipiki inatoka mfukoni mwa mlalamikaji, mashahidi wanaogopa, na faili halitembei bila kusukumwa. Familia maskini inayochagua mbuzi si familia ya wapumbavu. Lakini tuulizane basi, mbuzi huyo analiwa na nani? Analiwa na wanaume wa kikao. Binti hapati hata mguu. Anachopata ni mume ambaye anamwogopa, au kijiji ambacho kila mtu anajua bei yake. Miezi michache baadaye anatoroka. Anakwenda kwa shangazi, shangazi anamrudisha; anatoroka tena, safari hii mpaka machimboni, ambako hakuna anayemuuliza ni mtoto wa nani. Anatwanga mawe, anachota maji, anauza vikombe vya lotoko jioni, anaanza kuvinywa. Watu wanamwona hapo kwa mara ya kwanza, na ndiyo maana hadithi yake huanzia kwenye chupa.

"Akishaoga na siku ikapita, hospitali haina la kumfanyia."

Si kweli hata kidogo, na uongo huu unaua. Ndani ya saa 72 kituo cha afya kinaweza kumwanzishia dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, anazozinywa kwa siku 28. Kidonge cha kuzuia mimba ya dharura kinafaa mpaka saa 120, yaani siku tano, ingawa kila saa inayopita inakipunguzia nguvu. Zipo dawa za kaswende, kisonono na klamidia, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na sindano ya pepopunda ikiwa kuna majeraha. Kuoga hakufuti lolote kati ya hayo. Kunapunguza ushahidi mwilini, basi. Cheti cha daktari bado kinaandikwa, na nguo alizovaa zinaweza kuhifadhiwa kwenye mfuko wa karatasi. Anayefika siku ya sita au mwezi wa pili naye anatibiwa, anapimwa, anasikilizwa.

Hapa Kasongo tuna historia ya kutuaibisha kidogo. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp walifanya kazi na wenyeji hapa, wakaonyesha jinsi vituo vidogo vya afya vijijini na hospitali moja ya rufaa vinavyoweza kufanya kazi pamoja. Jina la Kasongo liliingia katika jarida la Lancet mwaka 1981 kwa utafiti wa chanjo ya surua, na mfano huo wa kanda ya afya ulisomwa mbali na Maniema. Kituo cha afya kilicho karibu na nyumba ya mtu ni wazo lililopata sifa duniani likitokea hapa. Halafu binti aliyebakwa Jumatatu anafikishwa Ijumaa, kwa sababu kikao kilikuwa Alhamisi.

"Damu ya bikira inaita dhahabu."

Uongo, na asiyeamini kwamba watu wazima wanaufuata auangalie mji wa Kavumu, Kivu Kusini. Watoto wa kike takriban 40, wengine hawajajua hata kusema, walichukuliwa vitandani usiku na kubakwa na wanamgambo walioamini kwamba damu hiyo itawakinga vitani. Mnamo Desemba 2017 korti ya kijeshi iliwafunga maisha watu 11, akiwemo mbunge wa jimbo Frédéric Batumike aliyekuwa kiongozi wao. Machimboni imani hiyo inavaa nguo nyingine na kuahidi mawe yenye mng'aro. Dhahabu ya Namoya iko ndani ya mwamba. Inatolewa kwa sururu, moto na baruti.

"Mkubwa hafungwi."

Mara nyingi ni kweli. Si mara zote. Batumike alikuwa mbunge. Na ng'ambo ya mpaka wa Kabambare, huko Fizi, wanawake walibakwa na askari siku ya mwaka mpya 2011. Mwezi wa Februari mwaka huo huo korti ya kutembea ilikaa Baraka, ikamhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kifungo cha miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Wanawake walisimama wakatoa ushahidi. Haikuchukua hata miezi miwili.

"Lotoko ni chakula cha mwenye kazi, na inaongeza maziwa."

Si kweli, lakini tumtazame mpikaji kabla ya kumtukana. Pipa la chuma liko juu ya moto, ndani yake mahindi au muhogo uliochachushwa siku kadhaa. Mrija unatoka juu ya pipa, unapita ndani ya maji baridi, na mwisho wake kuna chupa inayojaa tone kwa tone. Mpikaji ni mama, macho mekundu kwa moshi, anasukuma kuni kwa mguu huku akimnyonyesha wa mwisho. Lotoko imelipa karo za watoto wengi wa Maniema, pengine na za baadhi ya wanaosoma makala haya. Sina neno baya kwa mama huyo. Elimu ya msingi imetangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, lakini madaftari, sare na sekondari bado vinataka fedha.

Ila alichokitoa kwenye mrija hakina kipimo. Chupa ya leo si kali sawa na ya jana, na mnywaji hajui ameingiza kilevi kiasi gani mwilini. Kinajaza tumbo bila kulisha: asiyekula kwa sababu amekunywa anakonda, anapungukiwa vitamini, hasa B1, na ubongo unalipa. Kuhusu maziwa, tafiti zimeonyesha kinyume cha wanavyosema mabibi. Mama akinywa, maziwa yanatoka kwa shida zaidi, na kilevi kinapita moja kwa moja kwenda kwa mtoto. Mimba ndiyo kabisa. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Kilevi kinavuka kondo na kumfikia akili zake zikiwa bado zinajengwa.

"Tramadoli ni dawa ya famasi, si dawa ya kulevya."

Ni vyote viwili. Tramadoli ni ndugu wa mofini. Hospitali huitoa kwa maumivu makali, baada ya upasuaji kwa mfano. Mwili unaizoea ndani ya wiki chache, na dozi ya mwanzo haisikiki tena. Ukizidisha, inaleta degedege. Ukichanganya na lotoko, vyote viwili vinapunguza pumzi, na mtu anaweza kulala asiamke.

Lakini muulizeni mama twangaise anayeponda mawe ya dhahabu kutwa kwenye kinu cha chuma, mtoto mgongoni, vumbi puani, ni kwa nini anameza kidonge. Mabega yanamuuma. Jibu lake ni la akili timamu kabisa. Kosa liko kwa anayemuuzia vidonge hivyo bila cheti cha daktari, bila kumwambia neno hata moja, kando ya peremende na betri.

"Mwenye nia anaacha leo leo."

Si kweli, na kwa aliyezama hasa katika pombe ushauri huu unaweza kumwua. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, anatapika. Siku ya kwanza au ya pili anaweza kuanguka degedege. Siku ya pili au ya tatu wengine wanaanza kuona wadudu ukutani na kuongea na wasiokuwepo. Familia inasema ni majini, kumbe mwili umenyimwa ghafla kilichokuwa kikiutuliza. Hali hiyo inatibika hospitalini kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa hatua kwa hatua, vitamini B1, maji na uangalizi. Kumfungia binti chumbani kwa kufuli, au kumfunga kamba kwenye nyumba ya maombi, ni kumwacha apite kwenye saa hizo peke yake.

Dua na sala hazigombani na dawa. Shehe au mchungaji anayemfikisha binti hospitalini kisha akaja kumwombea kitandani amefanya kazi yake mara mbili.

Tramadoli ina hatari yake nyingine. Kuiacha kunatesa sana lakini kwa kawaida hakuui. Kinachoua ni kurudia dozi ile ile kubwa baada ya mwezi wa kupumzika, wakati mwili umeshaisahau. Kwa magonjwa ya akili na ulevi, mashariki mwa Congo kuna SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, zote za Mabruda wa Upendo. Kutoka Kabambare ni mbali, na barabara mnaijua. Hiyo ndiyo aibu ya kupeleka bungeni, badala ya kumwaibisha msichana.

"Mtoto akiharibika ni wa mama."

Si kweli. Sheria ya familia inamweka mtoto chini ya mamlaka ya baba na mama kwa pamoja. Cha ajabu, akifaulu mtihani wa taifa ni wa baba.

"Aliyetoka kwa Mai-Mai harudi kuwa mtoto wa watu."

Si kweli, na aliyesema hivyo kwanza alimwona kwa jicho la woga. Shirika la Child Soldiers International liliwasikiliza wasichana 150 wa Kivu zote mbili na Haut-Uele, likatoa ripoti mwaka 2017. Wengi walitekwa. Lakini wapo waliokwenda wenyewe: karo ilikosekana, au kijiji kilishambuliwa mara nyingi hata wakaona ni afadhali kukaa na wenye bunduki kuliko kukimbizwa nao. Mwenye kusikia hayo asiseme tena "alijipeleka". Theluthi ya watoto wa makundi hayo, au zaidi, hukadiriwa kuwa wasichana. Katika waliotolewa rasmi na kusajiliwa hawafikii mmoja kati ya kumi. Wengine wanatoroka kimya kimya na kurudi usiku, kwa sababu kusajiliwa ni kutangazwa.

Walichokilalamikia zaidi si kile cha msituni. Ni kile walichokikuta nyumbani: rafiki waliokatazwa kucheza nao, mama wa jirani anayewahofia mabinti zake wasije wakaambukizwa tabia, mdomo wa kaka ukimwita mke wa Mai-Mai. Na walichokitaka zaidi kilikuwa cha bei nafuu: kurudi darasani, kuitwa tena kwenye kwaya, kukaribishwa kuchota maji na wenzao. Sheria ya mwaka 2009 inakataza kumwingiza jeshini au kwenye kundi la silaha yeyote aliye chini ya miaka 18. Mbele ya sheria huyo ni mtoto aliyekosewa.

"Maneno hayaponyi. Anahitaji sindano, au asahau."

Si kweli, na ushahidi umetoka kwa majirani zetu. Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walifanya utafiti Kivu Kusini na Kivu Kaskazini na wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono, ukachapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine. Vijiji viligawanywa: vingine wanawake walipata msaada wa mmoja mmoja, vingine walikaa katika vikundi vya tiba, wiki baada ya wiki, wakifundishwa kuyakagua mawazo yanayowatafuna, hasa lile la "ni kosa langu". Wengi hawakujua kusoma, basi mazoezi yaliwekwa kichwani badala ya daftarini. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa huko huko waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Miezi sita baada ya tiba, dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa zilibaki kwa wanawake 42 kati ya 100 waliopata msaada wa mmoja mmoja. Katika vikundi zilibaki kwa 9.

Tisa kwa arobaini na mbili, bila mashine, bila umeme, chini ya mti au kwenye chumba cha parokia. Huo ndio usingizi ambao lotoko inajaribu kuuza kwa kikombe. Kikundi cha namna hiyo kinahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, mwezeshaji aliyefundishwa na mtu wa kumsimamia. Kasongo ina parokia, ina misikiti, ina makanisa ya Kiprotestanti na ya Kikimbangu; vyumba havikosekani.

Kuna pia sheria mpya ambayo mabaraza mengi hayajaisikia. Tarehe 26 Desemba 2022 Congo ilipitisha sheria namba 22/065 juu ya waliofanyiwa ukatili wa kingono unaohusiana na vita. Inawapa haki ya fidia, na mfuko wa taifa wa kazi hiyo, FONAREV, umeundwa. Fidia hiyo inamhitaji aliyeumizwa awe anajulikana mahali fulani: kwenye daftari la kituo cha afya, kwenye faili la mwendesha mashtaka, kwa shirika lililomsikiliza. Aliyemalizwa kwenye mkeka hayumo popote.

Kwa hiyo, wazee wa koo, mashehe, mapadri, wachungaji, na hasa nyinyi shangazi na bibi mnaoitwa wa kwanza usiku mlango unapogongwa: kikao kinaweza kungoja, saa 72 hazingoji. Mpelekeni binti kituo cha afya kwanza, mkamwandikishe, mkamsindikize na kurudi naye nyumbani. Mbuzi abaki zizini.